Kamanda wa Kiti cha Kunyolea

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amefika. Begi moja, fimbo moja, goti moja bovu. Nimempokea kwa shikamoo mbili, moja mlangoni na nyingine alipoketi, maana ya kwanza sikuwa na hakika kama ameisikia. Ameisikia. Ameitikia marahaba mara mbili, ya pili kwa kunitazama.

Nilidhani amekuja kwa ajili ya goti. Kumbe goti ni la Ijumaa, hospitali. Amekuja kwa ajili ya saluni. Chumba ninachonyolea ni mali yake, aliachiwa na marehemu baba mkwe, aliyenyoa humo miaka thelathini kwa kutumia kiti hiki hiki nilicho nacho. Sasa Wembe amemwandikia. Wembe! Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mtu ambaye akinyoosha mkono wa kulia anagusa ukuta wa kushoto wa chumba chake, anaomba apewe chumba chetu cha kona chenye dirisha kubwa. Barua yenye aya tatu na sahihi. Mama mkwe amesema hamjui Wembe, lakini barua ni safi. Atakaa wiki nzima, apate kujua ni vichwa vingapi vinapita kwenye kiti cha marehemu, na Jumapili ataamua nani abaki na chumba.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nimecheka. Yeye hakucheka.

Ukweli, kwa kuwa daftari hili nalisoma mwenyewe: leo vimepita vichwa viwili. Cha kwanza cha Sajenti, askari mstaafu, mteja wangu wa kila Jumatatu na Alhamisi. Kichwani hana nywele za kujaza kijiko, ila huja kwa nidhamu tu, saa tatu kamili. Cha pili ni changu. Nilijinyoa ili mashine isikae bure.

Benchi la wateja lilikuwa tupu kutwa. Vijana wote wa mtaa wamejazana kwa fundi simu, mlango wa tatu kutoka kwangu, wanacheza ile gemu ya vita, Uwanja wa Moto. Milio ya risasi tangu asubuhi. Mchomelea vyuma ameacha geti la watu nusu, yuko humo humo. Nimesimama mlangoni na taulo begani nikiwasikiliza, na mpango ukanijia wenyewe.

Wale vijana hawajanyoa wiki nyingi! Nikiileta gemu, nitakuwa nimeleta na vichwa.

Jumanne, 4 Machi

Gemu imeingia saluni. Fundi simu ameleta televisheni, kile kisanduku chake na pedi mbili za kubonyezea. Kwa malipo nimemwahidi kumnyoa bure maisha yake yote. Alitaka tuandikishane. Tumeandikishana.

Amenieleza mchezo wenyewe. Watu wa kila pembe ya dunia, wengine kwa televisheni, wengine kwa simu tu, wanakutana mtandaoni katika uwanja mmoja, vikosi vya watu wanne wanne. Wewe unaona mikono yako na bunduki, basi, kana kwamba macho ni yako kweli. Ukipigwa risasi huondoki papo hapo. Unalala chini sekunde ishirini, unaita wenzako. Mwenzako akikufikia na kukushika, unainuka mzima. Asipofika, umetolewa, kwaheri ya kuonana raundi nyingine. Kwa hiyo kelele kubwa ya mchezo huu si ya bunduki. Ni ya watu wazima wanaolia: niinue, niinue!

Saa nne benchi limejaa. Watu kumi na mmoja kwenye benchi la watu watano! Wembe alitoka mlangoni kwake kuchungulia. Nilimpungia mkono. Hakunipungia.

Kasoro moja ndogo. Kiti kilikuwa kitupu. Niliwakaribisha mmoja mmoja, kwa heshima, na taulo mkononi. Kila mmoja alisema nisubiri kidogo amalize raundi. Nimejifunza leo kwamba raundi ya gemu hii haimaliziki, inazaa nyingine.

Nyumbani mama mkwe aliniuliza leo nimepata vichwa vingapi. Nikasema kumi na kimoja. Sikusema uongo. Vilikuwepo, nilivihesabu.

Fundi simu alipita nyumbani jioni kumtengenezea mama mkwe ile simu ya zamani ya mke wangu, apate kuona picha za wajukuu. Alikaa naye saa nzima. Wajukuu wenyewe ni wanne! Mafundi wa siku hizi hawana haraka na kazi.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili: wanyolewe huku wanacheza. Rahisi kabisa. Sijui kwa nini wenzangu duniani hawajaufikiria.

Nimekiburuta kiti cha marehemu kikaelekea televisheni. Wa kwanza kuketi ni fundi simu, akidai haki yake ya maisha. Shuka shingoni, pedi mapajani, kazi ikaanza. Upande wa kushoto ulitoka safi sana. Nilipoingia kulia, mtu akamtupia bomu la mkono huko uwanjani, na fundi simu akainama kulikwepa. Aliinama yeye, mwili wake wenyewe, juu ya kiti changu. Mashine haikuinama. Imemwachia barabara kutoka sikioni hadi utosini, pana, imenyooka, ungeweza kuipitisha baiskeli.

Nikasema bila kupepesa macho kwamba huo ndio mkato mpya, unaitwa Handaki, makomando wote wa mbele wanao. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Akasema una baridi kidogo lakini si mbaya.

Kufika saa saba wawili wengine wametaka Handaki. Nimeshindwa! Nikikusudia kukosea, mkono unakataa, unanyoosha. Wamekasirika wakarudi benchini. Jumla ya leo, kichwa kimoja na robo.

Saa nane mchezaji wao mmoja aliitwa nyumbani, wakakosa mtu wa nne. Nikasema nitashika pedi dakika moja, kwa ajili ya biashara. Nimejiita Kamanda Kifaru. Nilianguka kabla sijajua kitufe cha kutembea ni kipi.

Wenzangu kikosini walikuwa fundi simu na mchomelea vyuma. Mwingine alikuwa mchezaji mpya wa kwenye simu, anaitwa Kimya. Fundi simu anasema ni mteja wake mmoja ambaye hapendi kujulikana. Hafungui kipaza sauti, hasemi neno. Ila ameniinua mara saba! Naanguka, nageuza macho, Kimya huyo anakuja taratibu, anaegemea ukuta, ananishika, anaondoka. Mtu wa ajabu. Saa kumi kamili akatoweka.

Mama mkwe hukaa ndani na mlango umefungwa kuanzia saa nane hadi saa kumi, analipumzisha goti. Mke wangu ameniomba nisimsumbue. Nimsumbue vipi, na mimi sipo?

Mke wangu, mwalimu wa darasa la nne, amerudi na malalamiko. Anasema wanafunzi wake walitoka msalani hadi darasani kwa kutambaa na tumbo, na mmoja aligoma kusimama mpaka mwenzake aje amguse bega. Mwuza mboga naye amemwambia asimame upande huu wa meza, ni eneo salama. Mke wangu aliniuliza kama naona haya yanakoelekea. Nilimwambia naona. Nilikuwa nawaza lile dirisha la ghorofa ya pili, ambalo kila nikisimama napigwa.

Alhamisi, 6 Machi

Sajenti amefika saa tatu kamili. Alisimama mlangoni, akatazama benchi, akatazama televisheni. Mchomelea vyuma alikuwa chini, analia niinue, niinue. Sajenti aliketi kitini, nikamvisha shuka, kisha akaniomba kwa sauti ndogo nikigeuze kiti kielekee ukutani. Nilimweleza kuwa kiti hicho ni chuma kitupu, kukigeuza ni kazi, na watu wamejaa, avumilie siku moja. Alivua shuka, akalikunja pembe nne, akaliweka juu ya kiti, akaniaga, akaondoka na ndevu zake.

Wazee wana mambo yao. Nimeandika hapa ili nikumbuke kukigeuza siku nyingine.

Saa nane Kimya ameingia. Leo nimezungumza naye sana. Kuna raha kusema na mtu asiyejibu, mtu asiyekujua hata uso. Wengine walikuwa wamejificha ghalani wakivizia, sisi wawili tukalinda paa. Nikaweka kile kipaza sauti karibu na mdomo nikamweleza yaliyonifika shingoni. Kwamba nina mama mkwe nyumbani, namwita Mkaguzi Mkuu. Kwamba anakoroma hadi vikombe vinalia kabatini. Kwamba chai yake huifyonza kwa mlio, funda baada ya funda, na mimi siwezi kusema neno, mkwe ni mkwe, nabaki kutabasamu mpaka mashavu yanauma. Kwamba anadhani kunyoa ni kuhesabu vichwa kama mayai. Kimya alinisikiliza. Aligeuza bunduki kidogo akanitazama, akarudi kutazama barabara.

Kisha nilikimbilia lile dirisha la ghorofa ya pili. Nikapigwa. Akaja akaniinua.

Jioni mambo ya ajabu mezani. Mama mkwe amekunywa chai bila mlio! Hata kidogo. Aliinua kikombe, akanywa, akakishusha, akaniuliza kama chai yangu iko sawa. Nimefurahi. Watu hujirekebisha wenyewe ukiwapa nafasi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya goti. Mke wangu alinitaka nimpeleke mama yake hospitali. Nikasema kazi imenibana, wateja kumi na wanne. Akaomba ruhusa shuleni akampeleka mwenyewe.

Vichwa: hakuna. Nitaandika tena ili nione kwa macho: hakuna. Sajenti ameonekana kwa Wembe, akinyolewa ndevu. Niliona kwa dirisha langu kubwa, ambalo halizuii kitu. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Miaka tisa yule mzee ananijia, na hata siku niliyomkata sikio alirudi Alhamisi yake.

Kimya leo ameingia mapema, saa tano, na mchezo wake ulikuwa wa vituko. Anatembea vizuri, mara anasimama wima katikati ya uwanja dakika nzima, risasi zinapita, kisha anasogea hatua moja, anasimama tena. Kama mtu aliye kwenye foleni! Nimemlinda kadiri nilivyoweza. Nilimwuliza kama ni mgonjwa. Hakujibu, bila shaka.

Nimemweleza mpango wa kesho, maana lazima mtu aujue ndipo uwe na utamu. Jumamosi Mkaguzi Mkuu anakuja saluni mwenyewe, kuketi na kuangalia. Nimepatana na vijana sita. Kila mmoja atapanda kitini, nitapitisha mashine hewani karibu na nywele, atatoka mlango wa mbele, atavaa kofia, ataingia tena kama mtu mwingine. Sita mara mbili kumi na mbili, na wakibadilishana mashati kumi na wanane. Mzee wa watu haoni vizuri, nilimwambia Kimya, hatagundua kitu.

Kimya alifyatua risasi moja hewani, bila adui kuonekana popote. Nadhani alikuwa ananipongeza.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika saa tano asubuhi, jikoni. Nimerudishwa nyumbani. Nitaeleza kwa utaratibu.

Saa mbili mama mkwe aliingia saluni na fimbo yake na mkoba wake. Nilitandika mto kwenye benchi, mwisho kabisa, karibu na ukuta. Vijana wangu sita wa mpango hawakutokea kitini hata mmoja. Fundi simu alikuwa amewatangazia kwamba leo ni mechi kubwa, kikosi chetu dhidi ya kikosi cha karakana ya magari, na wote sita walikuwa wameketi sakafuni macho televisheni. Niliwakonyeza. Nilikohoa. Mmoja aliniuliza kama nina mafua.

Nikatoka mbio kuvuka barabara. Sajenti alikuwa kwa Wembe, anasoma gazeti, anasubiri zamu yake. Nilimwangukia. Nilimwambia mjane wa marehemu yumo saluni, kiti cha marehemu kitupu, nahitaji kichwa kimoja tu cha kweli. Alimjua marehemu vizuri. Alikunja gazeti, akamwomba radhi Wembe, akanifuata. Na kiti nilikigeuza ukutani, kwa mikono yangu! Mgongo bado unauma. Mama mkwe aliniona nikifanya hivyo, akatikisa kichwa kidogo, kwa wema. Hapo ndipo ningepaswa kufa, nikiwa juu.

Nilimnyoa Sajenti upande mmoja. Laini kama yai. Mama mkwe alikuwa ametoa simu yake mkobani, anaangalia picha za wajukuu, miwani puani. Mambo yalikuwa shwari kabisa.

Ndipo fundi simu akapiga kelele kwamba kikosi kimebaki na watu wawili, wamezingirwa, na Kamanda Kifaru yuko wapi?

Sikutaka. Naapa kwa daftari hili sikutaka. Lakini watu kumi na tano waliniita kamanda kwa mpigo, mbele ya mama mkwe, na mimi kinyozi miaka kumi na miwili sijawahi kuitwa chochote. Nilimwambia Sajenti dakika moja. Nikaweka mashine chini, nikashika pedi, nikakimbilia dirisha la ghorofa ya pili.

Nikapigwa. Nikalala chini. Sekunde ishirini zikaanza kuhesabika kwenye televisheni, na nikaita kwa sauti yangu yote, Kimya, niinue! Kimya, uko wapi, niinue!

Nyuma yangu, mwisho wa benchi, mama mkwe akanyoosha goti lake, akasema nitulie, anakuja.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kwenye televisheni Kimya alitokea pembeni ya mlango, taratibu, akaegemea ukuta. Niligeuka. Kidole gumba cha mama mkwe kilisogea kwenye simu, na Kimya akasogea. Kikasimama, Kimya akasimama. Nilitazama huku, nikatazama kule, kisha nikatazama huku. Akanishika, nikainuka. Fundi simu alikuwa anatazama dari, yeye na Handaki lake.

Mkaguzi Mkuu. Vikombe kabatini. Chai. Mashati ya kubadilishana. Mzee wa watu haoni vizuri. Yalinirudia yote kwa mfululizo, moja baada ya jingine, na masikio yakawaka moto. Nilipiga magoti, magoti ya kweli, sakafuni juu ya nywele za fundi simu za Jumatano, nikasema nisamehe mama.

Aliniambia nisimame, nitachafua suruali. Alisema kwanza tumalize raundi. Akaimaliza yeye. Wale wa karakana ya magari walianguka wanne, mmoja mmoja, na goti lake halikutikisika.

Kisha akavua miwani akazungumza nami, wala hakupaza sauti. Alisema aliyoyasikia vitani anayaacha vitani. Kuhusu kukoroma, hata marehemu alikuwa akimwambia, tena kwa maneno makali zaidi. Mchezo aliutafuta yeye kwa fundi simu, Jumanne, kwa sababu alitaka kujua ni kitu gani kinamla mkwe wake, na alipokijua akakipenda, hakatai. Lakini ameniinua mara arobaini na moja kwa siku nne. Na kila anaponiinua, alisema, nakimbilia dirisha lile lile.

Halafu akanionyesha kiti kwa fimbo. Kilikuwa kitupu.

Sajenti alikuwa katikati ya barabara, shuka langu shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, anatembea mwendo wake wa gwaride kuelekea kwa Wembe. Wembe alikuwa amesimama mlangoni amemshikia pazia. Hakunicheka. Afadhali angecheka.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe ameamua baada ya kifungua kinywa. Wembe atahamia kwenye chumba cha kona kuanzia kesho, na kiti cha marehemu ni chake. Mimi ninabaki humo humo na kiti cha pili, kile cha plastiki kigumu nilichokuwa naweka taulo, karibu na mlango. Wembe amekubali. Alisema mkono wangu si mbaya, ila macho hayatulii. Televisheni na kisanduku vitakuja chumbani kwa mama mkwe, kwa kuwa hospitali wameagiza goti lipumzike wiki mbili zaidi.

Mke wangu aliniuliza kama nina la kusema. Nilikwenda saluni peke yangu, nikakipangusa kiti cha marehemu, miguu, mikono, mgongo wote, nikakitia mafuta kwenye bawaba. Nimelia kidogo. Kile kiti nilikabidhiwa siku ya arusi yangu, na nimekipoteza kwa ajili ya dirisha ambalo halipo.

Jumatatu, 10 Machi

Saa tatu kamili Sajenti ameingia. Alitazama viti viwili. Wembe akakung'uta shuka, akamkaribisha kiti cha marehemu. Sajenti akashukuru, akaja kuketi kwenye plastiki yangu. Kinaelekea ukutani kwa asili, hakina njia nyingine.

Nimemnyoa polepole. Nilimwomba radhi ya Alhamisi na ya Jumamosi. Akaeleza, akitazama ukuta. Alisema hana ugomvi na mchezo wa vijana, hata bunduki zimechorwa vizuri. Ni lile neno niinue. Alikuwa na mwenzake aliyelala chini namna ile, zamani, hatua thelathini mbele yao, akiwaita kwa majina tangu asubuhi. Hapakuwa na njia ya kumfikia. Aliita hadi jioni, kisha akaacha. Sajenti alisema huwa hasimulii, ila ameona ni vizuri nijue kwa nini aliomba ukuta.

Nilizima mashine. Nimeona haya, haya ya kweli. Nimemmalizia, nikampangusa shingo, akaniambia tutaonana Alhamisi.

Nimekula kiapo. Naandika kwa herufi zilizosimama: SITAIGUSA TENA GEMU HIYO. Nitakuwa kinyozi, basi. Nimejifunza.

Alhamisi, 13 Machi

Sajenti alikuja, akanyolewa ndevu, akaondoka ameridhika. Leo nimepata vichwa vitatu! Wembe amepata tisa. Amekizoea kiti cha marehemu utadhani amezaliwa nacho. Na anapiga mluzi! Wimbo mmoja, kutwa, huku anakata. Mtu mwenye akili timamu hawezi kuvumilia.

Kwa hiyo nina mpango. Nitamwandikia mama mkwe barua kuhusu Wembe. Aya nne, yeye aliandika tatu. Bila sahihi, kana kwamba imetoka kwa mteja aliyechukizwa na mluzi.

Kufikiri mambo mazito namna hiyo kunahitaji utulivu, na hakuna kinachonituliza kama mambo fulani. Kiapo kiko palepale. Niliapa kuhusu gemu ile ya saluni, ya televisheni. Hii ni ya kwenye simu, ndogo kabisa. Nimejiita jina jipya, Raia Mwema, hakuna atakayenijua. Fundi simu amenitafutia kikosi kingine cha watu nisiowafahamu kabisa. Tunacheza mchana, saa nane hadi saa kumi, Wembe akiwa amekwenda kula na mama mkwe amejifungia na goti lake.

Kuna mmoja humo anaitwa Goti. Jina la ajabu, nadhani ni mtu wa nchi za mbali. Hasemi neno. Ila moyo gani! Leo ameniinua mara tisa, zote pale pale dirishani. Tulipokuwa tunalinda paa nimemsomea barua yangu yote, aya kwa aya, anisaidie kuona kama inaweza kumdanganya bibi mmoja mjanja.

Alinisikiliza hadi mwisho. Watu wasikivu bado wapo duniani. Kesho naituma.